Tufani Alivyofundishwa Kupepeta

Wakati ninaousema, chini ya bahari hapakuwa na mpangilio wowote. Mchanga, tope, kokoto, makombe ya kome na mifupa ya samaki vililala pamoja vimevurugana, kama uji uliokorogwa na mtu mvivu. Mito ilishuka kutoka bara ikamwaga udongo wake mwaka hadi mwaka, na bahari ikaupokea bila kujali kipi kizito na kipi chepesi. Kitu kikianguka majini kilizama katika ule mvurugo, na hapo ndipo mwisho wa kukiona. Na kwa kuwa hakuna kilicholala juu ya kingine kikatulia, hapakuwa na jiwe. Pwani nzima ilikuwa mchanga na matope. Watu walijenga kwa fito na udongo, masika ikipiga wanajenga tena.

Jiwe hili mnalolitazama, lenye matabaka kama chapati iliyokunjwa vizuri, lilikuja baadaye. Aliyesababisha lije alikuwa mwanamke wa ukoo wetu. Nikisema hivyo watu hudhani najisifu. Sijisifu hata kidogo. Kisa hiki kwetu kilikuwa hakisimuliwi mbele ya wageni, na mama yangu kila alipofika katikati yake alikumbuka ghafla kwamba ana chungu motoni. Mimi nitakimaliza. Mmepanda hadi huku machimboni juani, na ni heri mkisikie kwetu kuliko kwa majirani, ambao hukisimulia kwa kukifurahia mno.

Mji ulikuwa hapo juu, kwenye mashamba ya mihogo ya leo, na bahari ilifika hapa tuliposimama. Ulikuwa na kaya arobaini na desturi moja iliyopita zote. Mbegu za mtama za mji mzima ziliwekwa katika mtungi mmoja mkubwa, ndani ya kibanda chake peke yake, zimechanganywa na majivu zisiliwe na fukusi. Kabla ya kuufunga mtungi, palifinyangwa kifuniko cha udongo, na ungali mbichi kila kaya ilimtuma mtu mmoja aje abonyeze dole gumba lake juu yake. Kifuniko kikachomwa motoni, kikafungwa kwa nta. Palikuwa na alama arobaini, hakuna mbili zilizofanana: dole pana la mlimaji, dole lenye kovu, dole jembamba la bibi arusi. Maana yake ilikuwa kwamba wote tumefunga na wote tutafungua.

Kula mbegu ulikuwa mwiko. Mtu aliweza kusamehewa ugomvi, uzinzi, hata wizi wa mbuzi. Lakini aliyekula mbegu alikuwa amekula chakula cha watoto wa wenzake kabla hakijaota, na huyo alifukuzwa mjini asirudi.

Mtunza mbegu alikuwa Kazija, bibi yetu. Ndiye aliyepepeta mtama wa mji wote, akafinyanga kifuniko, akapaka nta. Wanasema ungo ulipokuwa mikononi mwake ulikuwa kama una akili. Alirusha juu, akangoja, punje nzito zikarudi mahali pamoja, chenga zikakaa kando, na makapi yakaenda na upepo. Mchanga hata chembe moja haukumpita. Akina mama wakiwafunza mabinti zao kazi walisema, "Uwe na mikono misafi kama ya Kazija." Ulikuwa msemo wa mji.

Kazija alikuwa na mwana mmoja, Pandu, na Pandu alikuwa ameoa msichana kutoka milima ya huko nyuma aitwaye Mboja. Mboja hakuwa amemaliza hata mwaka mjini. Bahari hakuwahi kuiona kabla ya kuolewa, basi akaipenda kupita kiasi. Maji yakitoka tu, yuko ufukweni anaokota kome, na akirudi miguu yake imejaa mchanga hadi magotini. Wanawake walimcheka, naye akacheka nao. Kwa kuwa ndiye bibi arusi mpya kuliko wote, kazi yake ilikuwa kufagia kibanda cha mbegu kila siku, na mwaka ule kaya yao ilimtuma yeye kwenda kubonyeza dole. Alifurahi sana siku hiyo, maana alijua sasa amekuwa mtu wa pale.

Mwaka huohuo mvua ikakosa kunyesha. Watu walikula mihogo, wakala maganda ya mihogo, wakala majani ambayo hata mbuzi huyafikiria mara mbili. Na adhuhuri moja, wengine wakiwa shambani wanapalilia kisichoota, Kazija aliingia kibandani akakibandua kifuniko. Kikamponyoka, kikavunjika vipande viwili.

Babu yangu alikuwa akifika hapa anasema, "Lakini mwanawe alikuwa mgonjwa." Huenda alikuwa mgonjwa. Kaya arobaini zilikuwa na wagonjwa, na thelathini na tisa hazikuugusa mtungi. Mimi nimeishi na kisa hiki miaka sabini na sijaona dawa ya kukipaka. La kuvunda halina ubani.

Alichukua vibaba viwili. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Alipoona mtungi umepungua mno, alichota mchanga wa pwani, ule wenye vipande vya kome, akaujaza mtungi hadi karibu na juu, kisha akatandaza punje chache na majivu. Akafinyanga kifuniko kipya. Alama arobaini zilipaswa kuwapo, basi akabonyeza dole lake mwenyewe, mara arobaini. Akakichoma nyumbani kwake, akakipaka nta. Vile vipande viwili vya kifuniko cha kweli akavitupa baharini kwenye kina, kwa kuwa bahari ya siku zile haikurudisha kitu.

Unga wa mtama ule akaupikia uji. Pandu akanywa, Mboja akanywa, na Pandu hakutaka kujua unga umepatikana wapi wakati jirani hawana.

Siku ya kupanda ilipofika, mji wote ulikusanyika mbele ya kibanda. Jumbe wao, mzee Fumo, alikivunja kifuniko kwa mchi kama ilivyokuwa ada, vipande vikafungwa ndani ya kitambaa na kuchomekwa darini, nako kulikuwa ada. Wakauinamisha mtungi. Yakatoka majivu, zikatoka punje kidogo, kisha ukamwagika mchanga mpaka mtungi ukaisha.

Hakuna aliyelia mwanzoni. Mzee Fumo alichota ule mchanga kiganjani, akauona una makombe, akasema polepole, "Huu ni mchanga wa bahari. Ni nani kati yetu anayekwenda baharini kila siku? Na ni nani anayeingia kibandani kila siku?"

Macho yote yakamwendea Mboja. Yeye alimtazama mama mkwe wake, akamtazama mumewe, kisha akainamisha kichwa. Hakusema neno. Watu wakaambizana kwamba anyamazaye amekiri. Mmoja akakumbuka kuwa watu wa milimani ni wezi, mwingine akakumbuka kuwa hakumpenda tangu siku ya kwanza. Mzee Fumo akamgeukia Kazija.

"Huyu ni mkweo, Bi Kazija. Una la kusema?"

Hapo ndipo mama yangu alipokuwa akienda jikoni. Kazija aliiweka sawa nguo yake begani, akasema, "Sina la kusema, jumbe."

Mboja aliondoka jua likiwa bado juu, na kikapu chake cha kome kichwani. Pandu alimsindikiza mpaka mwisho wa mashamba. Alirudi akakaa mlangoni, na hata chakula hakukidai.

Mji ulikwenda kuomba mbegu kwa majirani, ukapanda, ukavuna. Baada ya miaka miwili Pandu aliozwa mke mwingine. Mambo yakatulia, na kutulia kwake ndiko kulikomtesa Kazija. Angechukiwa, angevumilia. Badala yake alipendwa zaidi. Watu walimhurumia kwa kuletewa mkwe mwizi, wakamwongezea heshima, na kila msichana aliyeshika ungo aliambiwa awe na mikono misafi kama yake. Aliposikia hivyo aliificha mikono chini ya nguo. Kila mwaka kifuniko kipya kilipobonyezwa madole, alijitia kwenda haja asiyaone. Usiku na mchana alijiambia kwamba kesho atasema, na kesho ilipofika akajiambia hivyohivyo, mpaka miaka saba ikapita.

Wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali kabisa, alishuka pwani akachimba topeni kwa mikono. Alikuwa anakitafuta kile kifuniko cha kweli. Msimdhanie vizuri kupita kiasi. Alitaka kifuniko kionekane, kimtaje chenyewe, ili yeye asilazimike kufungua kinywa.

Siku hizo Tufani alikuwa kijana asiye na kazi. Alivuma juu ya maji, akang'oa makuti ya watu, akapiga kelele wiki nzima, kisha akaenda zake, na chini ya bahari hapakubadilika kitu. Debe tupu haliachi kuvuma. Basi bamvua moja alipita akamwona mwanamke mtu mzima amezama mikono hadi mabegani katika tope.

"We mama," akasema, "miaka yote hii unachimba nini humo?"

"Kitu nilichokitupa."

"Wenzako hutupa wakasahau."

"Nimejaribu," akasema Kazija. "Hebu niambie wewe unayekaa na bahari, kiko wapi?"

Tufani akacheka, lakini alicheka kwa haya kidogo. "Huko chini sikujui. Mimi kazi yangu juu tu. Na ningefika, ningetambuaje kitu katika mchafuko ule?"

Kazija akainuka, akakung'uta tope. Ulimi wake, wanasema, haukuwa umepoteza makali. "Nguvu zote hizo, mwanangu, na hata kupepeta hujui? Kwetu mtoto wa miaka minane anajua."

Tufani aliumia kwa maneno hayo. Akasema afundishwe. Lakini kabla ya kuanza alimwonya, na onyo lake ndilo linalotuuma sisi mpaka leo. "Nikijua kazi hii sitaiacha. Nitaipepeta sakafu yote ya bahari, na kila kilichotupwa humo kitalala mahali pake kionekane. Hakitafichika tena. Na chako ndicho kitakachokuwa cha kwanza."

"Ndicho ninachotaka," akasema Kazija, akaenda kuuleta ungo wake.

Alisimama ndani ya maji hadi kiunoni akamfundisha. Mara ya kwanza Tufani aliirusha sakafu ya bahari kwa nguvu zake zote, akaendelea kuipiga bila kupumzika, na kwa siku tisa bahari ikawa tope tupu kutoka juu hadi chini. Alipokwisha kuchoka, kila kitu kikaanguka kwa pamoja kama kilivyokuwa. "Umekoroga," akasema Kazija. "Hujapepeta." Mara ya pili alirusha kidogo akakimbia, nao mchanga haukusogea hata shibiri moja.

"Sikiliza," akamwambia. "Kurusha anaweza hata kichaa. Kupepeta ni kungoja. Ukisha kurusha, legeza mkono pole pole. Kizito kitaanguka chenyewe kwanza, kinachofuata kwa uzito kitafuata, na chepesi kitashuka mwisho kabisa, siku ambayo wewe umekwisha kuondoka. Usikiharakishe."

Mara ya tatu Tufani alikuja kutoka mbali, na mawimbi marefu ambayo nguvu zake zilifika hadi chini. Yakakwangua sakafu, yakaipasua, yakaiinua juu. Kisha akakumbuka alivyofundishwa, akalegeza. Kokoto na makombe yaliyovunjika vikashuka kwanza vikalala pamoja. Juu yake ukalala mchanga mnene, na juu ya huo mchanga laini. Mawimbi yaliyokuwa yanakufa yakaupitia yakiupapasa, yakauacha na vijilima na vibonde ambavyo hata leo mtavikuta juu ya jiwe mkilifunua. Tufani akaenda zake. Bahari ikatulia siku nyingi, na katika utulivu ule vumbi jembamba la tope likashuka bila haraka na kufunika yote. Kaa na minyoo wakaja kuchimba nyumba zao ndani yake.

Kisha akarudi, akakwangua tope la juu, akapepeta tena, akatandika tabaka la pili. Aliipenda kazi ile kuliko kelele. Alitandika la tatu, la kumi, la mia. Yaliyo juu yakayalemea yaliyo chini mpaka maji yote yakakamuliwa, na chokaa ya makombe ikashika punje kwa punje. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa jiwe. Hesabu ya miaka niachieni, siijui, na katika visa vya zamani watu hawazeeki upesi.

Siku moja bahari ikajivuta nyuma isirudi. Mji wote ukashuka kutazama, maana hakuna aliyewahi kukanyaga kitu kigumu namna ile. Watoto walirukaruka juu yake kwa furaha. Na pale ukingoni palipomeguka, chini kabisa ya tabaka la kwanza, katikati ya kokoto na makombe, vilikuwepo vipande viwili vya kifuniko vimegandamana na jiwe. Alama za madole zilikuwa wazi. Mzee Fumo alipiga magoti, akakuta dole lake lenye kovu. Kando yake palikuwa na dole jembamba la Mboja.

Kazija alisimama nyuma ya watu akingoja jiwe lifanye kazi aliyolituma.

Mzee Fumo akainuka. "Tazameni," akasema, "jiwe limetushuhudia! Mboja alikivunja kifuniko, akakitupa humu, akatufinyangia kingine. Si alikuwa huku kila siku? Hatukumwonea."

Watu wakapumua. Wengine wakashukuru kwa sauti. Na jirani mmoja akamshika Kazija mkono, akambusu kiganja, akamwambia, "Pole, shoga yangu, leo hata bahari imekusafisha."

Jiwe lilikuwa limesema kweli yote, nao wakaisoma walivyotaka. Kazija aliona kwamba angeweza kurudi nyumbani hivyohivyo, akafa na mikono yake misafi, na hapo ndipo aibu ilipomzidi nguvu. Akaunyofoa mkono wake.

"Ni mimi," akasema.

Hawakumsadiki. Hiyo ndiyo sehemu ninayoona vigumu kuisema bila kucheka vibaya. Walimsifu! "Oneni moyo wa mama mkwe," wakasema, "hata mwizi wake anamfunika." Ikambidi aombe kusadikiwa, kama mtu anayeomba chakula. Akawaambia waende darini mwa kibanda wakateremshe vipande vya kile kifuniko kilichovunjwa siku ya kupanda, mwaka ule wa mchanga, ambavyo kwa miaka yote ile hakuna aliyejisumbua kuvikunjua. Vikaletwa, vikapangwa juu ya jiwe. Alama arobaini, na zote za dole moja. Kazija akaweka dole lake juu ya ya kwanza, juu ya ya pili, akaendelea mpaka mzee Fumo alipomwambia basi.

Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Pandu ndiye aliyesogea. "Ule uji, mama?" akauliza.

"Ndio huo, mwanangu."

Pandu akaenda kando, akakaa akiupa mji mgongo.

Walikwenda watatu kumtafuta Mboja: mzee Fumo, Pandu na Kazija, mwendo wa siku tatu kwa miguu. Walimkuta uani kwake anapura mtama, mwanamke mzima sasa, na watoto wawili ambao hawakuwa wa Pandu. Aliwaamkia kwa heshima, akawatandikia mkeka, akawapa maji. Mzee Fumo alizungumza muda mrefu. Alieleza kifuniko, jiwe, madole, na jinsi ukweli ulivyodhihiri, akaomba radhi kwa niaba ya kaya zote arobaini, akamwambia sasa mji umejua.

Mboja alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nilijua tangu siku ile," akasema. "Nilikuwa mlangoni na ufagio wangu. Nilimwona mama akikibandua kifuniko."

Kazija alishindwa kumtazama. "Ukaninyamazia? Kwa nini hukusema, Mboja?"

"Mama, kwenu bibi arusi hasemi barazani mpaka aulizwe. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifunza, wiki ya kwanza. Basi nikakaa nikingoja. Nikasema mmoja wao ataniuliza, Mboja, unajua nini? Nikakuangalia wewe. Nikamwangalia mume wangu. Mliulizana ninyi kwa ninyi, mkajibiana, mkaniambia nishike njia. Hata njiani nilidhani atakuja mtu mbio kuniuliza. Nilitembea pole pole siku mbili za kwanza."

Pandu alilia kwa sauti, mwanamume mwenye ndevu.

Walimwomba arudi, akasema ana watoto wa kulisha. Lakini walipoinuka kwenda, aliingia ndani akatoka na mfuko mdogo, akauweka mikononi mwa Kazija na kuvikunja vidole vyake juu yake. "Mtama," akasema. "Wa kupanda. Si wa kula." Hakusema kwa ukali, na ingekuwa nafuu kama angesema kwa ukali.

Kazija hakufukuzwa mjini. Alingoja afukuzwe, akafunga mzigo wake kabisa, lakini hakuna mtu aliyekuwa na uso wa kumfukuza. Aliishi akazeeka, na ungo hakuushika tena. Msemo wa mikono misafi ulikufa wenyewe.

Basi ndiyo sababu hata sasa, kila tufani kubwa inapopita, hukwangua chini ya bahari na kuipepeta upya. Mkilipasua jiwe hili mtaona kazi yake kama alivyofunzwa: chini makombe na kokoto, juu yake mchanga wenye vijilima vya mawimbi, na juu kabisa mstari mwembamba wa tope la siku za utulivu. Mstari ule mweusi ndio kungoja kwake. Huko baharini, wakati huu tunaozungumza, anatandika matabaka mengine, nayo siku moja yatakuwa mawe ya watu ambao hawajazaliwa.

Nasi wa ukoo wa Kazija tumekuwa wapasua mawe tangu enzi hizo, kwa kuwa hakuna aliyetaka tena kutukabidhi mbegu. Watu hutuuliza kama sisi ni wajukuu wa Mboja, wakitutakia mema. Hapana. Sisi tumetokana na yule mke wa pili aliyeletwa kuziba nafasi yake. Mboja asingefukuzwa, hakuna hata mmoja wetu angekuwepo. Tunakula, tunacheka, tunaoza mabinti zetu, na yote hayo tunayafanya mahali pa mtu mwingine.

Na toka hapo ikawa sheria ya mji wetu kwamba mgeni akishtakiwa jambo, kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa, aulizwe yeye mara tatu kwa jina lake. Sheria hiyo ipo mpaka leo. Mtu wa hapa atawaambia kwamba wakati mwingine tunaisahau. Msimsadiki. Hatujawahi kuisahau hata mara moja. Tunaogopa jibu.